Acheni Kuhesabu Miche

Kila msimu tunasomewa taarifa ileile: wilaya fulani imepanda miche laki kadhaa, mgeni rasmi kapigwa picha ameshika jembe, Dodoma inazidi kuwa ya kijani. Anayeuliza miche ya mwaka juzi imeishia wapi huonekana mchokozi. Nyuma ya sherehe hizo kuna imani utakayoisikia Mji wa Serikali kule Mtumba na utakayoisikia kijiweni: kwamba Dodoma ni nchi tupu, na dawa yake ni kuletewa miti kutoka kitaluni. Imani hiyo ni potofu, tena ni ghali.

Tuanze na kalenda. Siku ya Kupanda Miti Kitaifa kwa miaka mingi imekuwa Aprili 1. Dodoma hupata milimita 500 hadi 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Mche unaotiwa ardhini siku hiyo una wiki chache za unyevu, kisha miezi ya jua na upepo mpaka mvua nyingine. Na mche wenyewe ukoje? Chukua uliochelewa kitaluni, chana kiriba utazame. Mzizi mkuu, uliopaswa kushuka moja kwa moja, umegota kwenye nailoni, ukapinda na kujizungusha chini. Mizizi myembamba yenye vinyweleo, ndiyo inayofyonza maji, yote imebanwa kwenye donge dogo la udongo. Mmea huo ndio tunaoutaka uvuke Agosti bila kumwagiwa hata kopo moja. Usipovuka, tunawalaumu wanakijiji kwa uzembe.

Sasa nenda shambani Chamwino au Kongwa mvua za kwanza zikishanyesha. Katikati ya mtama na uwele utakuta machipukizi ya kufika magotini yakitoka kwenye visiki vya migunga. Mwenye shamba huyafyeka kila mwaka akisema anasafisha, na kila mwaka yanarudi. Yanarudi kwa sababu mzizi ulio chini yake ulikuwa wa mti mzima. Umeshashuka hadi kwenye unyevu ambao mche hautaufikia kwa miaka, una akiba ya wanga, na kwa jamii ya migunga mara nyingi una vinundu vyenye bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani. Shina lilikatwa zamani, mzizi ungali hai. Mnaouita uwanda huu jangwa mnatembea juu ya msitu.

Waingereza walilipa ada ya somo hili. Mwaka 1947 walianza Mpango wa Karanga pale Kongwa, baada ya ujumbe wao kukagua nchi kwa wiki chache, sehemu kubwa kwa ndege. Ukiwa angani unaona vichaka, mizizi huioni. Kuviangusha vichaka kuliwezekana. Kung'oa mizizi ndiko kulikowatoa jasho, maana ilipinda na kuvunja vyuma vya mashine, huku udongo ukikauka na kuwa mgumu kama saruji. Walilenga ekari zaidi ya milioni 3. Kufikia 1951 mpango ulikuwa umekufa na pauni zipatazo milioni 36 zimepotea. Uhaba wa mvua na papara vilichangia, sikatai. Lakini nguvu iliyozishinda mashine zile ndiyo leo tunaifyeka kwa panga kila Novemba.

Kondoa nako kuna ushahidi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973 kwa makinga maji na kupanda miti. Mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililomomonyoka, na nyasi na vichaka vikarudi vyenyewe. Siusifu uamuzi ule. Wafugaji walibebeshwa mzigo mzito. Nasema tu kwamba kilichorudisha kijani kilikuwa tayari kimo ardhini.

Mradi wa Kisiki Hai, wa LEAD Foundation na Justdiggit ya Uholanzi, unafanya kazi hiyo bila kumfukuza mtu. Mkulima anachagua machipukizi machache yenye nguvu, anapogoa mengine, anafunga kitambaa kuwa alama, kisha analinda mbuzi wasiguse. Niger walianza njia kama hiyo miaka ya 1980, na leo inakadiriwa imefunika hekta milioni 5.

Nitaambiwa mti shambani unainyang'anya mtama maji. Mara nyingine ni kweli. Utafiti uliofanywa kwenye migunga kaskazini mwa Tanzania ulionyesha kwamba mizizi yake hupandisha maji usiku na kuyaacha kwenye udongo wa juu, lakini mti huweza kuchukua zaidi ya ulichotoa. Basi mkulima achague. Mkababu hupukutisha majani wakati wa mvua, hivyo hauwekei mtama kivuli. Mwingine upogolewe, na isiachwe mingi kwa ekari. Mjini, barabarani na shuleni, ambako visiki vilishang'olewa, pandeni miche na boza la maji lifuate.

Kwa nini basi hatubadiliki? Miche ina zabuni, usafiri, posho na mgeni rasmi. Kisiki hakina zabuni.

Nataka taarifa ijayo ya mkoa iwe na safu mbili mpya: miche iliyopandwa miaka mitatu iliyopita ambayo bado i hai, kijiji kwa kijiji, na visiki vilivyoachwa vikue. Safu ya miche iliyopandwa mwaka huu ifutwe kabisa.