Kabla mtoto hajasafiri, isomeni chaja yake

Kijana wa kwanza wa familia moja ya Soweto, jijini Mbeya, alipokwenda kusoma China, mama yake alikaa siku mbili bila kusikia sauti yake. Mara ya mwisho walizungumza akiwa uwanja wa ndege Dar es Salaam. Baada ya hapo simu haikupatikana tena. Mama alipiga kwa ndugu wa Dar, akapiga kwa kaka yake Iringa, usiku akalala na simu kifuani. Siku ya tatu kijana alipiga kwa simu ya mwenzake wa bwenini: "Shikamoo mama, niko salama. Chaja yangu haiingii kwenye soketi za huku, simu ilizima."

Hapakuwa na ajali wala ugonjwa. Kilichokosekana ni adapta, kifaa kidogo kinachouzwa shilingi elfu chache.

Mwaka huu ikawa zamu ya binti, naye alikuwa anaelekea huko huko. Mama hakutaka yajirudie. Alikwenda Mwanjelwa akarudi na adapta tatu za aina tatu, maana muuzaji alimwambia, "Chukua zote mama, moja lazima itaingia." Binti akapanda basi, akalala Iringa kwa mjomba wake, fundi umeme wa siku nyingi, kabla ya kuendelea na safari ya Dar. Baada ya chakula mjomba alimwambia atoe vitu vyake vyote vya umeme aviweke mezani.

"Mjomba, adapta ninazo tatu."

"Nimeziona. Chaja yenyewe umeisoma?"

Binti hakuwa ameisoma, na wazazi wengi hawaisomi. Watu huhangaika na umbo la plagi wakasahau kuuliza nguvu ya umeme. Hayo ni mambo mawili tofauti. Adapta ya kawaida hubadili umbo tu, ili pini zipate matundu ya kuingia. Umeme unaopita ndani yake ni ule ule wa ukutani.

Umeme wa nyumbani Tanzania ni wa volti 230. China ni 220, India ni 230, nchi nyingi za Ulaya ni 230. Marekani ni 120, karibu nusu ya wa kwetu. Ndiyo maana mjomba aliigeuza chaja ya simu, akawasha tochi na kutafuta maandishi madogo yanayoanza na neno INPUT. Palikuwa pameandikwa 100-240V, 50/60Hz. "Hii inakula umeme wa nchi yoyote," alisema. "Tafuta umbo tu." Chaja nyingi za simu na kompyuta mpakato za siku hizi zimeandikwa hivyo, lakini ni lazima kusoma, si kukisia.

Kuhusu umbo, safari nyingine hazihitaji adapta kabisa. Kenya, Uganda, Malawi, Oman, Falme za Kiarabu na Uingereza hutumia plagi kama ya kwetu, yenye pini tatu bapa. Mama anayepita Tunduma kufuata biashara Zambia naye kwa kawaida atazikuta hizo hizo, ila akiendelea mpaka Lubumbashi atakutana na soketi za pini mbili za duara. Pini mbili za duara ndizo zilizoenea pia Ujerumani na Uturuki. India wana pini tatu za duara. Afrika Kusini nao wamezoea pini tatu za duara, lakini ni nene zaidi, hivyo adapta ya India haitafaa Johannesburg. Marekani ni pini mbili bapa nyembamba, pengine na ya tatu ya duara. China kuna matundu matatu bapa, mawili kati yake yameinama, na mara nyingi juu yake matundu mawili ya plagi za pini mbili.

Kati ya zile adapta tatu, moja ilikuwa ya Ulaya, si ya China. Mbili zilifaa. Mjomba alichomeka chaja kwenye kila moja akaitikisa. Ya kwanza ililegea, plagi ikacheza kama jino bovu. Akaiweka kando. "Ikicheza, inaruka cheche. Ikiruka cheche, inapata moto. Wewe umelala, godoro liko pembeni." Ya pili ilishika imara, nayo ndiyo iliyorudi kwenye begi. Mzazi anaweza kufanya jaribio hilo pale pale dukani: achomeke, atikise, achomoe. Adapta nzuri hushika kwa nguvu. Akishaitumia nyumbani kwa saa moja, aiguse. Uvuguvugu ni kawaida, lakini ikiunguza mkono au ikinuka plastiki, isiende safari.

Kisha mjomba aliishika pasi ya nywele. Iliandikwa 220-240V. Kwa China haina tatizo. Kama safari ingekuwa ya Marekani, angeiacha Iringa, maana kule isingepata moto wa kutosha. Balaa kubwa liko kwenye safari ya kurudi. Ndugu anayeishi Marekani huleta zawadi ya blenda au pasi iliyoandikwa 120V, mtu anaivalisha adapta na kuichomeka ukutani. Inapokea umeme karibu mara mbili ya uwezo wake na kuungua. Kifaa cha namna hiyo kinahitaji transfoma ya kushusha umeme, na mara nyingi transfoma hiyo ni ghali kuliko kifaa chenyewe.

Pawabenki nayo ilipata neno lake. Haiwekwi kwenye begi kubwa linaloingia tumboni mwa ndege. Inakaa kwenye begi la mkononi. Inayoruhusiwa bila kuomba kibali ni ile isiyozidi wati-saa 100, na ya kawaida ya mAh 20,000 ina kama 74. Kwa wanaokwenda China kuna jambo la ziada: tangu tarehe 28 Juni 2025, ndege za ndani za nchi hiyo hazipokei pawabenki isiyo na alama ya 3C. Mwanafunzi atakayeshuka Guangzhou na kuunganisha ndege ya ndani anaweza kunyang'anywa pawabenki yake akiwa njiani.

Wakati hayo yakiendelea, mtoto wa mwisho wa mjomba, mwenye miaka minane, alikuja na chaja ya pini mbili. Akachukua kijiti cha kiberiti, akakisukuma kwenye tundu la juu la soketi, kisha akapenyeza zile pini mbili chini. Alifanya haraka, kama mtu aliyefanya mara nyingi. Fundi akanyamaza.

Nyumba nyingi zinakijua kijiti hicho. Ndani ya soketi ya pini tatu kuna vifuniko vidogo vinavyoziba matundu mawili ya chini, yenye umeme, na pini ndefu ya juu ndiyo huvifungua. Kijiti kikibaki pale, matundu yako wazi kwa msumari au waya wowote utakaoshikwa na mtoto. Isitoshe, pini nyembamba za duara hazishikwi sawasawa humo ndani, na soketi huanza kuungua taratibu.

Mjomba alizima swichi, akachomoa kijiti. "Nani amekufundisha?"

"Wewe baba," mtoto alijibu.

Usiku ule ile adapta ya Ulaya haikutupwa. Tundu zake za mbele zilipokea pini za aina yoyote, lakini nyuma haikufaa soketi za Iringa, kwa hiyo ilifungwa na kuwekwa kabatini kumsubiri atakayekwenda Ujerumani. Asubuhi, baada ya kumsindikiza binti stendi ya Igumbilo, fundi alipitia Miyomboni akanunua adapta mbili za pini tatu zenye fyuzi kwa ajili ya nyumba yake mwenyewe.

Siku mbili baadaye mama aliamka Mbeya akakuta ujumbe. China wako mbele kwa saa tano, kule ilikuwa inakaribia mchana. "Mama shikamoo. Nimefika bwenini. Simu inachaji."

Mama alimjibu, kisha akaenda nyuma ya televisheni yake kukitafuta kijiti.