Samaki Wetu, Meza Yao

Mgeni anayefika Maputo hana haja ya kuuliza mara mbili ulipo mkahawa wa Kireno. Msumbiji ilijipatia uhuru mwaka 1975. Bendera ya mkoloni ilishushwa, jiko lake likabaki. Mkahawa wa Kihispania huenda ukamchukua muda zaidi kuupata, ila katika miji mingi ya bandari duniani hatarudi na njaa. Kama mtu wa Kimwani niliyekulia kwenye ndizi, maharage na samaki, najiuliza: kwa nini mapishi ya mataifa hayo yana anwani ng'ambo, na yetu hayana?

Jibu jepesi ni kwamba wao walitawala, sisi tukatawaliwa. Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Tazama bacalhau, kitoweo ambacho Wareno hukihesabu kuwa nembo ya taifa lao. Samaki huyo hutoka katika bahari baridi za kaskazini, na leo wengi wao hununuliwa Norwei. Wareno walimchukua samaki wa mbali, wakamtungia mapishi yasiyohesabika, wakamfanya wao. Valencia nayo imejijengea sifa kwa paella, ilhali kilimo cha mpunga kilienezwa Uhispania na Waarabu. Hivyo basi, asili ya malighafi si hoja. Hoja ni nani aliyeipa jina na kulilinda.

Sasa tuje Muleba. Sangara naye ni mgeni kwetu. Alipandikizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960. Mvuvi wa Bumbire humvua, kiwanda humchuna, minofu husafirishwa hadi Ulaya, Uhispania ikiwa miongoni mwa wanunuzi. Mabondo huelekea Asia. Mwananchi wa kipato cha chini huachiwa mapanki. Huko Uhispania wanasayansi wamebuni vipimo vya vinasaba vya kutofautisha minofu ya sangara na ile ya chewa, kwa kuwa samaki wa bei nafuu huweza kuuzwa kwa jina la samaki ghali. Yaani sangara wetu anaweza kuandaliwa katika mkahawa wa pwani ya Uhispania pasipo mlaji kujua jina lake wala ziwa lake. Na neno meza lenyewe tulilipata kwa Wareno!

Wapo watakaosema kwamba mjadala wa mapishi ni anasa wakati zahanati hazina dawa. Siafiki. Penye jina ndipo penye bei, na penye bei ndipo penye kodi ya kununulia dawa. Ureno ililitambua hilo mapema: mwaka 1756 iliiwekea Douro mipaka ya kisheria ili mvinyo wake usiuzwe kwa hila. Soko peke yake halikutosha. Dola iliingia kazini.

Watumishi wa umma mnaosoma makala hii, anzieni pale mlipo na mamlaka. Nimehudhuria hafla nyingi za kiofisi mkoani kwetu ambamo ndizi na senene havikuonekana kabisa, kana kwamba mgeni akiviona tutaaibika. Zabuni ya chakula ni sera pia. Wanafunzi, yaandikeni mapishi ya bibi zenu kwa vipimo na hatua, kwani kisichoandikwa hakifundishwi chuoni wala hakisajiliwi. Wanaharakati, mnapodai bei ya haki kwa mvuvi, daini pia kwamba kila shehena ya minofu iuzwe kwa jina la ziwa letu hadi kwa mlaji wa mwisho.

Sidai kila bandari iwe na mkahawa wa Kihaya kesho. Nadai tuanze kwa kuhakikisha kwamba msafiri anayeshuka melini Bukoba anaweza kuonyeshwa mahali pa kula sangara aliyepikwa kwa fahari, badala ya kukaribishwa chipsi kuku.