Muuzaji wa Trekta, Kitabu cha Kiswahili Kiko Wapi?

Jamani, leo tuache Linux na simu mpya kidogo. Nina ugomvi kuhusu mafuta ya trekta. Sigombani na dereva anayesema "mafuta ni mafuta, weka yoyote." Nagombana na aliyemuuzia mwajiri wake trekta bila kumweleza chochote.

Trekta nyingi zinazolima mahindi hapa Lumakanda ni za gia. Lakini kati ya zile ndogo, za Kubota na John Deere kwa mfano, ziko zenye mtambo wa haidrostatiki. Unakanyaga pedali tu, inakwenda mbele au nyuma. Raha sana kuendesha, na ni rahisi sana kuiua.

Inavyofanya kazi ni hivi. Injini inazungusha pampu ya pistoni, pampu inasukuma mafuta kwa shinikizo kubwa, mafuta yanazungusha mota, na mota inapeleka nguvu kwenye magurudumu. Kwa hiyo mafuta hapa hayalainishi tu, ndiyo yanayobeba nguvu yote. Nafasi kati ya pistoni na tundu lake ni ya maikroni chache, nyembamba kuliko unywele. Vumbi au chembe za chuma zikipita hapo zinakwaruza, shinikizo linavuja, na trekta inaanza kushindwa na mlima. Kinachozuia hayo ni filta.

Trekta nyingi za aina hii zinataka filta na mafuta vibadilishwe mara ya kwanza baada ya saa 50, kwa sababu vyuma vipya vinamwaga chembe vikizoeana. Baadaye ni filta kila saa 200 hivi, na mafuta kila saa 400 hivi. Kila modeli ina hesabu yake kitabuni. Ukingoja mpaka mafuta yawe meusi, umechelewa. Na msimu wa kulima kabla ya mvua za Machi, trekta ya kukodisha ikifanya kazi saa 10 kwa siku, hizo saa 50 zinaisha kwa siku 5! Lakini mwenyewe anahesabu ekari, kwa sababu ndizo zinazomlipa.

Aina ya mafuta nayo ina maana. Kubota wanataka UDT yao, John Deere wanataka Hy-Gard, au mafuta yanayotimiza viwango hivyo. Mafuta hayo hayo yanaendesha mtambo, yanainua jembe, na mara nyingi breki zimezama ndani yake. Oili ya injini haikutengenezewa kazi hizo. Na mwenye Massey Ferguson 240 ya gia asicheke: pampu yake ya haidroliki imekaa ndani ya ekseli ya nyuma, inanyonya mafuta yale yale ya gia.

Kazi yenyewe haina uchawi. Egesha mahali tambarare mafuta yakiwa na joto kidogo, shusha jembe, vuta breki, zima injini. Safisha kando ya filta kabla ya kuifungua. Fungua bolti zote za kumwagia, maana mara nyingi ni zaidi ya moja. Paka mafuta kwenye mpira wa filta mpya, kaza kwa mkono. Jaza, washa bila mzigo, nenda mbele na nyuma polepole, inua na ushushe jembe. Zima, pima tena, ongeza. Ukishuku mahali panavuja, usipapase kwa kidole: mafuta yenye shinikizo hupenya ngozi. Mafuta yakiwa meupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Na yale ya zamani usiyamwage shambani.

Haya yote yanatosha karatasi moja. Kwa nini mnunuzi hapewi kwa Kiswahili? Kitabu ni cha Kiingereza, na ikiwa trekta ni mtumba wa Japani, hata vibandiko ni vya Kijapani. Wengine watasema huyo dereva hasomi. Anatuma pesa kwa M-Pesa, na ujumbe anausoma. Wengine watasema atafute fundi. Fundi naye alipewa karatasi gani?

Katiba ya 2010, Ibara ya 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Ibara ya 46 inampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazomwezesha kufaidi kikamilifu bidhaa aliyonunua. Ziweke hizo mbili pamoja, kisha uniambie kitabu asichoweza kukisoma kinamfaidi nini. Kule Colorado, Marekani, sheria iliyopitishwa 2023 inawapa wakulima haki ya kupata vitabu, vipuri na hata programu za kurekebisha trekta zao. Sisi tunaomba karatasi moja tu.

Na ninyi wenzangu waandishi wa programu, mnaoshindana kutengeneza app za kuita trekta kama teksi: trekta iliyokufa pampu haiitiki. Anzeni na kitu kidogo, ujumbe wa Kiswahili unaomwambia mwenye trekta kwamba saa 50 zimefika.

Muuzaji, wewe unajua saa hizo tangu siku ulipochukua pesa. Ziandike kwa Kiswahili, uzibandike kwenye trekta kabla haijatoka dukani.