Mama hana jino hata moja, tuuze kahawa tumpandikizie?

Ujumbe huu uliingia Jumapili jioni nikiwa jikoni nachambua maharage. Aliyeutuma ni msomaji wetu wa Kyerwa, upande wa Nkwenda. Ameomba nisitaje jina, nami nimeufupisha kidogo.

"Shikamoo dada. Mama yetu ana miaka 68. Mwaka jana aling'olewa jino la mwisho, sasa hana hata moja. Anakula ndizi za kuponda na uji. Kwenye harusi ya binamu yetu alikaa ameziba mdomo kwa kitenge mpaka tukaondoka. Kaka yetu mkubwa ameona video ya mtu aliyepandikizwa meno yote huko Kampala, na ameng'ang'ania mama naye apelekwe. Fedha hatuna. Anasema tuuze kahawa ya mama kwa butura, na isipotosha tuuze na ng'ombe. Mimi na mdogo wangu hatutaki, lakini tukikataa tunaonekana tunamnyima mama. Kwenye grupu la familia hatusalimiani tena. Tufanyeje?"

Marahaba mdogo wangu. Nimeusoma ujumbe wako mara tatu, na simu nikaiweka pembeni, maana ulinirudisha nyumbani kwetu mwaka ule wa meno ya Tata. Nitafika huko.

Kwanza niwaeleze wasomaji wa mikoa mingine. Butura ni kuuza kahawa ingali mtini, wakati mwingine ikiwa maua tu, kwa bei anayopanga mwenye fedha. Msimu ukifika, wewe unachuma, unaanika, na magunia yanakwenda kwake. Serikali imeipiga marufuku mara nyingi, na bado watu wanaingia humo wakiwa na shida: ada ya mtoto, msiba, hospitali. Kwa hiyo kaka yako hakubuni jambo jipya. Lakini hesabu yake muifanye mpaka mwisho. Kahawa ya mwaka huu ikiondoka kwa butura, mama atakuwa na meno, na chumvi na sabuni ataomba kwa jirani.

Hata hivyo, msimfanye kaka adui. Kuhusu haja ya meno yuko sahihi, na ninyi wawili mnaosema "mama amezoea" mmekosea. Mtu hazoei. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kati ya watu wenye miaka 60 na zaidi duniani, asilimia 23 hawana jino hata moja. Wengi wao wananyamaza tu. Anayekula laini kila siku huacha nyama, huacha karanga, huacha matunda magumu, na mwili unalipa. Kisha kuna aibu. Kwetu Karagwe na Kyerwa mgeni akiingia anapewa kahawa ya kutafuna, akamwani, na mwenye nyumba anatafuna pamoja naye. Mama anayempa mgeni kahawa na yeye mwenyewe anaangalia chini, huyo hajazoea.

Sasa tuje kwenye hicho alichokiona kaka kwenye video. Kipandikizi ni kama skrubu ndogo ya madini ya titani inayozamishwa ndani ya mfupa wa taya. Mfupa haulikatai madini hayo. Unakua ukalishika kabisa. Aliyeligundua hilo ni daktari wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, katika miaka ya 1950 alipokuwa akichunguza mifupa ya sungura, na mwaka 1965 akamwekea mgonjwa wa kwanza. Mgonjwa yule aliishi na vipandikizi vyake zaidi ya miaka 40. Kwa hiyo si utapeli, wala si jambo la majaribio.

Video huonyesha asubuhi hana meno na jioni anacheka. Yaliyo katikati hayaonyeshwi. Kwanza hupigwa picha ya taya kuona mfupa umebaki kiasi gani. Jino likitoka, mfupa uliokuwa umelishika huanza kusinyaa, ndiyo maana wazee wasio na meno mashavu huzama na kidevu kinakaribia pua. Mfupa ukiwa mwembamba sana, skrubu haina pa kushika, na huenda mgonjwa akahitaji kuongezewa mfupa kwanza. Skrubu zikishaingia, kwa kawaida husubiriwa miezi mitatu hadi sita zishikane na mfupa ndipo meno yenyewe ya kudumu yafungwe. Wapo wanaofungiwa meno ya muda siku hiyo hiyo, lakini hao huchaguliwa, na hata wao hurudi baadaye.

Haihitajiki skrubu kwa kila jino. Taya zima linaweza kubebwa na skrubu nne hadi sita. Hata hivyo gharama inahesabika kwa mamilioni, kwa taya moja, na mama ana mataya mawili.

Swali ambalo sijaliona kwenye ujumbe wako ni hili: mama ana sukari? Kama ana kisukari kisichodhibitiwa, kidonda kinachelewa kupona na kipandikizi kinaweza kuachia. Anavuta? Usicheke, bibi zetu wengi wana kiko nyuma ya mlango. Moshi ni adui mkubwa wa vipandikizi. Anatumia dawa gani nyingine? Zipo dawa za mifupa na za saratani ambazo daktari wa meno lazima azijue kabla hajagusa taya.

Na jingine linaloniumiza zaidi kuliko fedha. Kipandikizi hakiozi kama jino, lakini fizi inayokizunguka inaugua, na mfupa unaliwa polepole bila maumivu makubwa. Lazima kisafishwe kila siku na kiangaliwe na mtaalamu mara kwa mara. Skrubu ikilegea usiku Nkwenda, nani ataikaza? Kutoka kwenu mpaka Kampala ni kuvuka mpaka, kulala njiani, na nauli ya watu wawili kwa sababu mama hasafiri peke yake. Huo mzigo haupo kwenye bei aliyotajiwa kaka.

Tata alianza kung'olewa meno kabla sijaolewa. Alikuwa mtu wa kiko na mtu wa chai yenye sukari nyingi, na kila jino lililouma dawa yake ilikuwa koleo. Yalipoisha, kaka zangu walimpeleka kwa fundi mmoja aliyekuwa akitengeneza meno sokoni. Alifanya siku moja. Meno yalikuja meupe kama kikombe, Tata akayavaa Jumapili kanisani, na wakati wa wimbo wa pili ya chini yakaruka. Watoto walicheka, na mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Hakuyavaa tena. Yalimtoboa fizi pembeni, kidonda kikakaa wiki tatu. Tulikuwa tumelipa kwa fedha za debe sita za maharage.

Miaka miwili baadaye ndipo tulipompeleka kwa daktari wa meno, na hapo nikaelewa kwa nini fundi alishindwa. Meno kamili ya bandia hayatengenezwi kwa siku moja. Safari ya kwanza anachukuliwa umbo la fizi kwa kitu kama ugali laini kinachogandia kinywani. Safari nyingine anapimwa namna mataya yanavyokutana. Halafu anajaribishwa meno yakiwa bado kwenye nta, aongee, acheke, ajitazame kwenye kioo, na kama hayapendi yanarekebishwa. Ndipo yanatengenezwa yenyewe. Na akishapewa, anarudi tena na tena kusuguliwa panapoumiza. Kama mtu ameng'olewa karibuni, fizi huachwa kwanza zipone, wiki kadhaa hata miezi, la sivyo meno yanalegea mapema.

Ya juu yalimkaa vizuri, maana kaa la kinywa ni pana na linayanyonya. Ya chini yalimsumbua. Taya la chini ni jembamba na ulimi unayasukuma. Alijifunza kula kama mtoto: vipande vidogo, kutafuna pande zote mbili kwa pamoja, kwanza ndizi, kisha maharage, nyama baadaye sana. Wiki ya kwanza alikuwa akiyatia mfukoni tukimpa kisogo. Mwezi wa pili alikuwa anayatafuta mwenyewe asubuhi. Senene wa mwaka ule alikula, wa kukaanga wakakauka, na hakutaka tumtazame wala tumpongeze.

Kwa hiyo ushauri wangu, mdogo wangu, ni huu. Kahawa isiguswe. Ng'ombe abaki zizini kwa sasa. Anzeni na kipimo cha sukari na presha kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, wiki hii hii. Kisha mwende hospitali ya wilaya mkaulize jambo moja waziwazi: hapa mnatengeneza meno kamili ya bandia au mnang'oa tu? Msione haya kuuliza, kwa sababu vyumba vingi vya meno kazi yake kubwa ni kung'oa. Wakisema hapana, waombeni wawaelekeze Bukoba, na ikibidi Bugando, Mwanza. Kama mama ana kadi ya bima, muulize kabla ya kulipa chochote ni huduma zipi za meno inazogharimia. Na mtu yeyote atakayemgusa mama kinywani, ulizeni kama amesajiliwa. Madaktari wa meno husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na daktari wa kweli hakasiriki ukimuuliza.

Kaka naye mpeni kazi. Kuna njia ya katikati ambayo huenda hakuiona kwenye video. Mama akizoea ya juu na ya chini yakaendelea kumtesa, anaweza kuwekewa vipandikizi viwili tu kwenye taya la chini, na meno ya bandia yakabanwa juu yake kama vifungo vya shati. Anayatoa usiku, anayasafisha. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Canada, walikubaliana kuwa hiyo ndiyo iwe tiba ya kwanza kwa taya la chini lisilo na meno. Kwetu bado ni ghali, lakini si sawa na mataya mawili mazima. Kaka aanze kuweka akiba ya hilo taratibu, kahawa ikiuzwa kwa njia ya halali kwenye chama cha msingi. Na akipata hospitali popote, iwe Mwanza, Dar es Salaam, Mbarara au Kampala, aombe bei yote kwa maandishi: skrubu, meno yenyewe, picha, na safari za kurudi. Aombe pia kadi yenye jina la aina ya kipandikizi, maana siku kikiharibika daktari mwingine hawezi kukitengeneza bila kujua ni cha kampuni gani.

Siwezi kuacha ukurasa huu bila kusema nilichokiona siku ile tukimsubiri Tata. Pembeni yangu alikaa mama kijana na mtoto wa miezi saba hivi, fizi zimevimba, zinatoka usaha. Mtoto alikuwa na homa na kuharisha. Jirani akamwambia ni "meno ya plastiki", wenzetu ng'ambo ya mpaka huita ebinyo, na mganga akayachokoa kwa kitu chenye ncha. Wazazi wenzangu, hakuna meno ya plastiki. Ile nyeupe inayoonekana chini ya fizi ni jino la utotoni linalojiandaa kutoka, na chini yake kuna mbegu ya jino la ukubwani. Ukichokoa, unaweza kumwachia mtoto pengo la maisha, au umwambukize ugonjwa wa damu, na ile homa iliyokuleta inabaki bila tiba. Mtoto anayeharisha anahitaji maji ya chumvi-sukari ya ORS, madini ya zinki na kituo cha afya.

Na walio na meno tayari, wapigeni mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, kiasi cha punje ya mchele kwa walio chini ya miaka mitatu, na cha punje ya njegere kwa wakubwa kidogo. Mpige wewe mzazi, mtoto wa miaka minne anachezea tu.

Mama akishapata meno yake, ayatoe usiku fizi zipumue, ayasugue kwa mswaki na sabuni ya kawaida, kisha ayaweke kwenye maji baridi. Ya moto yanayapinda. Yakivunjika msiyagandishe kwa supaglu, yapelekwe kwa aliyeyatengeneza. Na kikombe chake kiwe na mfuniko na kikae juu. Cha Tata kilikaa dirishani, mjukuu akamwaga maji kwenye migomba asubuhi bila kuangalia, na nyumba nzima tukaamkia shambani kutafuta taya.

Jumanne msomaji wangu ameniandikia tena. Sukari ya mama imepimwa, iko juu, ameanzishiwa dawa na kurudi baada ya wiki mbili. Kaka ameisoma taarifa kwenye grupu, hajajibu, lakini ametuma nauli ya Bukoba ya watu wawili.