Mbabe wa Mbali Naye Ni Mbabe

Vijana wenzetu, na ninyi kaka na dada mnaofanya kazi kwenye mashirika, tunaomba mtuvumilie. Leo hatuandiki kuhusu maji wala mgao. Tunaandika kuhusu siasa za Marekani, na tunajua kuna mtu ameshaguna.

Kwenye magrupu yetu ya WhatsApp kuna kauli mbili zinazorudi kila wiki. Ya kwanza: "Hayo ni mambo ya Wamarekani, sisi yanatuhusu nini?" Ya pili inatuuma zaidi: "Yule angalau ni kidume. Akisema, anafanya." Wanaosema hivyo ni marafiki zetu, wengine wamesoma kutuzidi. Wanamshangilia Donald Trump kwa sababu moja tu: eti hazuiliki.

Sisi tunazipinga kauli zote mbili. Jamani, mtu aliyefika hapa kwa kumkimbia kiongozi asiyezuilika, anawezaje kumpigia makofi mwingine kwa sababu hiyohiyo?

Tukumbushane kidogo. Burundi, mwaka 2015, Pierre Nkurunziza alitaka muhula wa tatu. Hakuchana katiba. Alisema muhula wa kwanza hauhesabiki kwa kuwa alichaguliwa na bunge, siyo na wananchi. Mahakama ya Katiba ikamkubalia. Makamu wa rais wa mahakama ile, Sylvère Nimpagaritse, alikataa kutia sahihi, akakimbilia Rwanda na kusema kwamba majaji walitishwa. Baada yake tukafuata sisi wengine, mamia ya maelfu. Congo nako, muhula wa mwisho wa Joseph Kabila uliisha Desemba 2016, lakini uchaguzi ukafanyika Desemba 2018. Miaka miwili ikaliwa hivihivi, kwa visingizio vya daftari la wapiga kura na pesa. Watu wakaiita glissement, yaani kuteleza. Lakini aliyeteleza kweli ni mwananchi.

Hilo ndilo somo tulilotoka nalo nyumbani. Sheria inabaki palepale kwenye karatasi, na wakubwa wanaipita pembeni. Kinachoizuia isipitwe ni watu waliokaa kwenye viti vyao, jaji, karani, msimamizi wa kura, askari, wakisema: hapana, hii haiwezekani.

Sasa tuangalie Marekani kwa jicho hilo. Trump alishindwa uchaguzi wa Novemba 2020, akakataa matokeo. Yeye na wafuasi wake walifungua kesi zaidi ya 60, wakashindwa karibu zote, nyingine mbele ya majaji aliowateua yeye mwenyewe. Tarehe 2 Januari 2021 alimpigia simu Brad Raffensperger, msimamizi mkuu wa uchaguzi wa jimbo la Georgia, akitaka atafutiwe kura 11,780. Hiyo ni kura moja tu zaidi ya zile alizozidiwa. Raffensperger ni wa chama kilekile cha Republican, na alimpigia Trump kura. Akakataa. Siku nne baadaye, tarehe 6 Januari, umati ukavamia jengo la bunge. Makamu wa rais, Mike Pence, alikuwa ameshinikizwa azikatae kura za baadhi ya majimbo. Naye akakataa. Bunge likarudi usiku uleule, likamthibitisha Joe Biden alfajiri.

Angalieni vizuri nani aliyeiokoa Marekani siku zile. Hakikuwa chama cha upinzani kilichoshika silaha. Ni watu wa kazi za kawaida, wengi wao wa upande uleule wa rais, waliokataa kufanya jambo moja lisilo halali. Kwetu sisi wangeitwa wasaliti.

Kinachotutia hofu ni kilichofuata baada ya hapo. Baraza la Seneti lilipiga kura Februari 2021: maseneta 57 walimwona Trump ana hatia, 43 wakasema hana. Ilihitajika theluthi mbili, hivyo akapona. Julai 2024, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, majaji 6 kwa 3, kwamba rais ana kinga ya kushtakiwa kwa matendo mengi ya kazi yake. Tarehe 20 Januari 2025, siku aliyorudi madarakani, Trump aliwasamehe watu wapatao 1,500 wa ile kesi ya uvamizi, wakiwemo waliokutwa na hatia ya kuwapiga polisi. Fikirieni ujumbe unaomfikia kijana wa kesho: ukivunja sheria kwa ajili ya mkubwa, mkubwa atakutoa. Na yule karani aliyekataa amepata nini? Vitisho, yeye na familia yake.

Siku chache baadaye, Trump akawafukuza kwa mkupuo wakaguzi wakuu wa wizara na idara zaidi ya kumi. Hawa ndio wanaochunguza wizi na matumizi mabaya ndani ya serikali. Sheria inasema bunge lijulishwe siku 30 kabla. Halikujulishwa. Machi 2025, jaji James Boasberg aliamuru ndege zilizobeba wahamiaji kwenda gereza la El Salvador zigeuzwe. Hazikugeuzwa. Rais akataka jaji huyo aondolewe kazini, mpaka Jaji Mkuu John Roberts akatoka hadharani kusema kwamba kutokukubaliana na hukumu siyo sababu ya kumng'oa jaji. Mtu anakata rufaa. Jaji Mkuu anapolazimika kueleza jambo ambalo hata mwanafunzi wa sekondari analijua, ujue maji yamefika shingoni.

"Sawa, lakini yanatuhusu nini?" Haya, tusikilizane.

Njia ya wakimbizi kwenda Marekani ni sheria ya bunge lao ya mwaka 1980. Sheria hiyo inamtaka rais ashauriane na wabunge kila mwaka kabla ya kupanga idadi ya watakaopokelewa. Katika mwaka wa bajeti wa 2024 walipokelewa zaidi ya 100,000, na nchi iliyoongoza ilikuwa Congo yetu. Januari 2025, kwa sahihi moja, mpango ukasimamishwa. Maelfu waliokuwa na tarehe ya safari wakabaki, wengine wameshauza vitanda na sufuria. Jaji mmoja wa Seattle akazuia amri ile Februari, lakini mahakama ya rufaa ikaruhusu sehemu kubwa yake iendelee. Kwa mwaka wa bajeti wa 2026 idadi ikashushwa mpaka 7,500, na kipaumbele wakapewa Waafrikana, yaani wazungu wa Afrika Kusini. Wabunge wa upinzani wakalalamika kwamba hakuna aliyewashauri kama sheria inavyotaka.

Na USAID? Ilikuwa idara iliyotambuliwa kwa sheria ya bunge, na pesa zake zilipitishwa na bunge. Bunge halikupiga kura ya kuifunga. Ilisimamishwa kazi kwa amri za ofisini, na kufikia tarehe 1 Julai 2025 ilikuwa imekwisha. Hivyo ule ugomvi wa mbali kuhusu nani ana haki ya kupanga pesa za umma, rais au bunge, uliishia kwenye zahanati zetu na kwenye masufuria yetu.

Ninyi wa mashirika, hapa tunawageukia kwa heshima. Mikutanoni mlituambia ni "mabadiliko ya vipaumbele vya mfadhili". Maneno hayo yanafanya mambo haya yaonekane kama mvua iliyokosa kunyesha. Hii siyo mvua. Ni watu walioamua, na majaji na wabunge wenyewe wa Marekani wanabishana kama walikuwa na haki ya kuamua hivyo. Tunajua mnalinda kazi zenu, wengi wenu mmeshazipoteza. Lakini msitufiche. Sisi siyo watoto.

Tunayajua majibu yatakayokuja. Mmoja atasema: "Wamarekani wamemchagua wenyewe." Kweli kabisa. Alishinda mwaka 2024 kihalali, na kuna mengi anayoruhusiwa kuyafanya hata kama yanatuumiza. Kupunguza idadi ya wakimbizi kwa kufuata taratibu ni haki yake; tutalia, lakini hatutasema amevunja demokrasia. Kura inakupa haki ya kutawala. Haikupi haki ya kuamua ni hukumu ipi utaitii na ipi utaipita.

Mwingine atasema: "Na Biden je?" Biden alimsamehe mwanawe mwenyewe, Hunter, baada ya kuahidi kwamba hatafanya hivyo. Ni vibaya, na tunasema ni vibaya. Mwaka 2025 chama cha Republican kilichora upya mipaka ya majimbo ya uchaguzi Texas katikati ya muongo ili kipate viti vitano zaidi; chama cha Democratic kikajibu kwa kufanya hivyohivyo California, ingawa kule wananchi walipigishwa kura kwanza. Ndivyo ugonjwa huu unavyoambukiza. Mmoja akiruka uzio, mwenzake anasema mimi pekee nitabaki mjinga? Mwishowe uzio unalala chini, na kila mtu anapita na mbuzi wake.

Wa tatu atacheka: "Acha nao waonje. Walitufundisha demokrasia kwa kiburi miaka yote." Tunaelewa utamu wa kicheko hicho. Lakini sahani inayovunjika ndiyo tuliyokuwa tunalia sote. Kila mbabe wa ukanda huu anatazama Washington na kujifunza kwamba jaji anaweza kupuuzwa na mvamizi anaweza kusamehewa. Kesho atasema: hata kwao ni hivyo.

Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia. Sisi nyasi hatuna kura Marekani, na wengi wetu hatuna kura popote. Asiye na kura hana kinga nyingine isipokuwa sheria inayomfunga hata mkubwa. Kwa hiyo wa kwanza kumwogopa mtu asiyezuilika tunapaswa kuwa sisi.

Tunaomba mambo mawili. Kwanza, acheni kusambaza zile video za kumsifu mbabe zenye muziki wa sinema. Ukitaka kumsifu Mmarekani, msifu yule karani wa Georgia. Pili, tuanzie hapahapa kambini. Muda wa kamati zetu ukiisha, uchaguzi ufanyike. Mwenyekiti akisema aongezewe mwaka mmoja "kwa sababu ya hali", hata kama ni mtu mzuri, hata kama ni kaka yetu, tumjibu kwa adabu: hapana, kaka, muda wako umeisha.