Ruthu Hakutii

Ni nadra kwenda kichen pati ya Wakristo usimkute Ruthu. Atasimama shangazi au mama mchungaji, atafungua sura ya 1 mstari wa 16, kisha bibi harusi ataambiwa: kuwa kama Ruthu, mtii mama mkwe wako, kwenu sasa ni huko. Vigelegele.

Mimi nasema tunamsoma vibaya, na wanaoumia ni mabinti.

Hebu turudi nyuma kidogo. Naomi anawaambia wakwe zake wawili warudi kwao: mstari wa 8, wa 11, wa 12. Mstari wa 15 anamwambia Ruthu peke yake. Aliyetii ni Orpa! Analia, anambusu mama mkwe, anaondoka. Ruthu anakataa, tena anamtaka Naomi aache kumsukuma. Naomi akiona binti kakaza nia, ananyamaza. Halafu eti hili ndilo somo la utii?

Na maneno yale hakuambiwa mume. Mume ameshakufa. Hakuna mtoto, hakuna kikao cha ukoo kilichompangia. Kilichoamua ni moyo wake.

Somo liko hapo. Fika nao Bethlehemu uone. Naomi yuko kwao, lakini analalamika kwamba amerudi mtupu, na Ruthu yuko naye pale pale. Mwenyeji ndiye asiyejiona nyumbani. Mgeni ndiye aliyetulia. Si kwamba mji ulimrahisishia. Kumbukumbu la Torati 23 inamfungia Mmoabi nje ya kusanyiko hata kizazi cha kumi. Sura ya 2 msimamizi wa wavunaji anamtaja kwa Umoabi wake, na sura ya 4, mbele ya wazee langoni, Boazi naye bado anamwita Mmoabi. Jina halikumtoka. Ila Ruthu hakungoja limtoke ndipo ajihesabu kuwa wa pale.

Utaniuliza: sasa ubaya uko wapi, kama mwisho wa yote binti anawapenda wakwe? Ubaya ni kwamba neno la Ruthu lilikuwa na uzito kwa sababu njia ya Moabu ilikuwa wazi, na aliyeifungua ni mama mkwe mwenyewe. Sisi tunaifunga, kisha tunadai moyo ule ule. Siku binti akirudi kwao na jicho limevimba, anarudishwa kwa mstari huo huo. Huko ni kufungiwa, na hakuna mtu anayekuwa wa mahali alipofungiwa.

Mkimtaka Ruthu kwenye sherehe zenu, msomeni kuanzia mstari wa 8. Kisha mama mkwe asimame, aseme kama Naomi: mwanangu, njia ya kwenu iko wazi. Binti akichagua kubaki baada ya hapo, ndipo mpige vigelegele.