Sikio likiziba ghafla, usingoje

Chukulia kwamba mvuvi wa Kizingitini, kule kisiwani Pate, ameamka alfajiri na sikio moja halisikii. Jana lilikuwa zima. Leo lavuma tu, na kichwa kinamzunguka. Mkewe atasema ni taka au mafua. Jirani atashauri atie mafuta ya nazi ya vuguvugu. Wiki itapita, pengine mbili, naye angali anangoja lizibuke.

Hapo ndipo kosa linapofanyika. Uziwi wa ghafla, ule unaoingia kwa muda usiozidi siku tatu, ni jambo la dharura. Ndani kabisa ya sikio mna kijifereji kilichojiviringa kama konokono, chenye chembe za kupokea sauti. Chembe hizo zahitaji oksijeni kwa wingi, na damu yao hupitia mshipa mmoja mwembamba usio na msaidizi. Zikifa hazioti tena. Mara nyingi hata daktari hapati chanzo chenyewe.

Utashukuje kwamba si taka? Lipo jaribio dogo. Fumba mdomo uvumishe sauti: "mmm". Ukiisikia zaidi upande wa sikio bovu, huenda ni taka au maji. Ukiisikia zaidi upande wa sikio zima, huenda neva imedhurika. Kwa vyovyote vile nenda hospitali, kwani jaribio hili halichukui nafasi ya daktari.

Tiba ya kwanza ni dawa za stiroidi, ambazo hufaa zaidi zikianzwa ndani ya wiki mbili. Usijinunulie dukani, mwenye kisukari au vidonda vya tumbo zaweza kumdhuru.

Pamoja nazo ipo tiba ya oksijeni. Mgonjwa huingia katika chumba kilichofungwa kabisa, hewa ikashindiliwa hadi mara mbili ya kawaida au zaidi, naye huvuta oksijeni tupu kwa saa moja na nusu hivi. Mpiga mbizi alijua shinikizo hilo: ni la kina cha pima tano na nusu, yaani meta 10. Oksijeni huyeyuka katika majimaji ya damu na kufika mahali ilipokuwa haba. Hurudiwa mara 10 hadi 20. Mwongozo wa madaktari wa masikio wa Marekani wa mwaka 2019 unaikubali pamoja na stiroidi ndani ya wiki mbili, au kama jaribio la mwisho kabla ya mwezi kwisha. Haimponyi kila mtu.

Sasa hesabu safari. Boti hungoja maji yajae ili ipite Mkanda. Lamu hakuna chumba cha namna hiyo, na kutoka Mokowe hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 300. Lakini stiroidi ni vidonge vya kawaida. Daktari akiona vinafaa, vyaweza kuanzwa papo hapo mjini Lamu. Basi usingoje chumba, wala usingoje Jumatatu.

Na kama sikio limeziba baada ya kuzamia, mwambie daktari mapema. Huenda kuna mpasuko ndani. Usizamie tena hadi akuruhusu.

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Hili la ghafla bado laweza kuisikia, mradi iletwe mapema.